Siku Niliyowachagulia Wapima Ardhi

Baba,

Shikamoo. Huu ni mwaka wa tano sijasikia marahaba yako, na bado mkono wangu haujui kukuandikia bila kuanza na salamu. Nimekaa barazani kwako hapa Junda, alasiri, mvua imepumzika kidogo. Wajukuu wawili wa Mama Sidi wako ndani wanakula. Nitakwambia kwa nini wako kwangu, lakini nipe nafasi, maana sijui nianzie wapi bila kujificha.

Unakumbuka mtaa ulivyokucheka uliponunua ile mashua? Mtu ana duka la dawa, kila Jumapili anaingia baharini kupunga upepo, jioni anarudi hana hata dagaa. Wewe ukiwajibu kwamba anayewauzia watu dawa wiki nzima na yeye anahitaji yake. Mzee Karisa akitulindia chombo, na mkewe, Mama Sidi, akituwekea mihogo ya nazi. Tulikuwa tunakula mlangoni mwa jiko lake, miguu imeloa, wewe na Karisa mkibishana juu ya upepo ambao nyote wawili mlikuwa mmeshaupata.

Mbele ya nyumba yao palikuwa na uwanja mtupu unaoshuka hadi kwenye mikoko. Nilikuuliza kwa nini hakuna aliyejenga pale, na ardhi Kisauni watu wanauana kwayo. Ukaniambia, "Hapa ni pa bahari, mwanangu. Imetoka kidogo tu, itarudi." Siku ile ndiyo ukanifundisha kuhesabu siku za mwezi mwandamo kwa pingili za vidole. Siku ya nane maji ni mafu, hayapandi. Siku ya kumi na sita ni bamvua, yanakuja mpaka yanapotaka. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona nimepewa siri kubwa.

Ulipofariki nilirithi mashua, na kiti chako katika chama chetu cha wenye vyombo vya matembezi. Chama kimebadilika, Baba. Siku hizi ni boti za injini, zinavutwa kwa trela nyuma ya magari makubwa, na mwenyekiti ni daktari wa meno asiyejua maji kupwa na kujaa mpaka aambiwe. Mimi ndiye katibu. Uliposikika mradi wa gati jipya tuliogopa mambo mawili tu: kuhamishwa tupelekwe mbali, na kukosa pa kuegesha magari. Tukapiga kelele kwamba na sisi tushirikishwe. Tukashirikishwa. Nilikaa kiti cha mbele, na nilijivuna sana.

Wakubwa wa mradi wakasema hivi: tuonyesheni ardhi kavu karibu na gati, tuwajengee maegesho. Isipokuwepo, boti zitahamia kwingine. Mwenyekiti akanigeukia. Nilijua uwanja mmoja tu ulio wazi, na nilijua kwa nini uko wazi. Wakatuuliza wapima ardhi waje lini. Nikahesabu vidole chini ya meza, nikawapa siku ya nane.

Walipokuja, uwanja umekauka mpaka umepasuka. Mmoja wao, mtu wa bara, mstaarabu, akaniuliza, "Dada, maji hufika hapa?"

Nikamwambia, "Mimi nimezaliwa hapa. Hapa ni pakavu."

Wanachama walikuwa nyuma yangu. Wote wanaijua bahari kuliko mwenyekiti, na hakuna aliyekohoa. Yule bwana akaandika, tukaenda kunywa soda.

Malori yakaleta kifusi, ukajengwa ukuta wa mawe, mistari myeupe ikachorwa. Siku ya kwanza niliegesha pale na nilifurahi, sitakuficha. Kisha likaja bamvua. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, lakini mkondo wake sisi tulikuwa tumeuziba, kwa hiyo yakatafuta mwingine. Yalipanda kwa njia ya Mama Sidi, yakafika kizingitini. Mwezi uliofuata yalilala jikoni.

Karisa hayupo tena, alikutangulia wewe kwa mwaka mmoja. Mama Sidi anakaa na wajukuu wake wawili katika nyumba ileile ya udongo. Alinijia mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayezungumza na wakubwa. "Mwanangu, kaa wameingia jikoni," akaniambia. "Tumeikosea nini bahari?" Nilimwambia nitauliza. Sikumuuliza mtu.

Kila bamvua nimekuwa nikipita pale kama mtu anayekwenda dukani, nikiangalia. Ukuta wa upande wa bahari umelainika chini, ukiusukuma kwa kidole kinaingia. Kuna ufa umetoka kwenye dirisha mpaka chini, na wiki iliyopita kiganja changu kiliingia chote mpaka kifundo. Masika yameanza na ardhi imeshiba maji. Wallahi, Baba, naiogopa nyumba ile, na zaidi namhofia aliye ndani yake.

Halafu maegesho yakawa hayatoshi. Wakubwa wa mradi wanataka kuongeza sehemu ya pili na ukuta mwingine, na lazima waje tena kusikiliza maoni ya watu. Mwenyekiti akanipigia simu. "Tuchagulie siku nzuri, kama ile ya kwanza," akasema. Kumbe alijua. Nilikuwa namdharau kwa ujinga wa maji, na yeye ananitumia kwa ujuzi wangu.

Nikampa siku ya kumi na sita, saa kumi na moja jioni, palepale uwanjani ili kila mtu ajionee. Akanishukuru. Barua za mkutano zimeshatoka mtaa mzima, wakubwa wamekubali. Sasa wanachama wenzangu nao wameshahesabu vidole vyao, maana simu inalia tangu asubuhi na sipokei.

Leo ni siku ya kumi na nne. Nilikwenda kwa Mama Sidi nimsihi ahamie kwako hapa, yeye na watoto, mpaka bamvua lipite. Akasema maji huja yakaondoka, kwani leo kuna nini. Ndipo nikamweleza yote: vidole chini ya meza, yule mpima ardhi, jibu langu. Alikuwa anakunja blanketi, na hakusita kulikunja. Alipomaliza akaniuliza, "Na hii siku ya keshokutwa, nani kaichagua?"

"Mimi, mama."

"Ili maji yaingie kwangu, wao waone."

Ndivyo ilivyo. Nilidhani natengeneza nilichoharibu, kumbe nimeichukua nyumba yake mara ya pili bila kumuuliza, kama mara ya kwanza.

Akawaita watoto, akawapa blanketi, akawaambia wafuatane na mimi. Yeye mwenyewe akavuta kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akakaa katikati ya jiko. "Mimi siondoki," akasema. "Wakija, watanikuta ndani."

Nimebembeleza mpaka sauti imekauka. Kesho nitarudi kwake, na keshokutwa asubuhi pia. Watoto wananiuliza bibi atakuja saa ngapi na ninawaambia wale kwanza. Nahofu, Baba. Sijawahi kuyaogopa maji maishani mwangu, na sasa nayaogopa hata yakiwa mbali, yametulia.

Sikuombi uniombee, wewe ndiye unayesubiri dua zangu, nami sitaacha kukuletea. Ila shauri moja nimeshalikata moyoni. Akikataa kutoka, saa kumi na moja watatukuta wawili.

Binti yako,
Rukia