Kashe ya Papa Cikuru

Jumamosi, jioni. Mvua imeanza saa nane mchana na bado haijachoka. Viatu vyangu viko pembeni ya jiko vikikauka na matope ya mtaa wa Kasha, na sina haraka ya kuvisafisha. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa.

Nianze na huzuni, maana ndiyo iliyotangulia.

Tangu mwezi wa sita Papa, baba yangu, hana sauti. Walimtoa uvimbe kooni, na sauti ikaondoka nao. Sasa anapumua kupitia tundu dogo shingoni, na analifunika kwa kitambaa cheupe anachokifua mwenyewe kila asubuhi. Anaishi kwangu hapa Muhumba. Nilimnunulia daftari na kalamu ili tuongee, lakini anaandika kwa ubahili: "ndiyo", "hapana", "chumvi". Mtu aliyekuwa akisema tangu asubuhi mpaka wateja wanaaga mara tatu bila kuondoka, leo ananiandikia "chumvi".

Daktari alituonya mapema kwamba sauti haitabaki. Wiki mbili nzima tulitafuta pesa, tulitafuta damu, tulisali novena. Hakuna hata mmoja wetu aliyewasha simu kumrekodi. Yeye mwenyewe simu alikuwa haipendi. Ukimpigia anasema, "Sawa, Mungu akubariki," na kukata kabla hujamwambia ulichopigia.

Mimi, niliyelelewa kwa kazi ya kurekodi, sikurekodi.

Kwa mtu asiyejua: Papa Cikuru alikuwa na kibanda cha kaseti pembeni ya soko la Kadutu. Redio mbili kubwa, mikrofoni moja, na rafu iliyofika kwenye mabati. Kaseti za asili zilitoka Kinshasa kwa ndege, na yeye alizinakilia mji. Siku za Jumamosi watu walipanga foleni na orodha zao zimeandikwa kwenye karatasi za daftari, upande wa kwanza wimbo huu, upande wa pili ule. Umeme ukikatika, walingoja. Nyumbani mawe ya redio, yaani betri, yalianikwa juani pamoja na mihogo ili yapate nguvu ya siku moja zaidi. Utepe ukijikunja, kalamu iliingizwa kwenye tundu la kaseti na kuzungushwa polepole, na mtoto aliyezungusha kwa fujo alikula kofi. Mimi nilikula mawili.

Vibanda vingine vilikuwa vinanunua kaseti moja tu kwa Papa, kisha vinatoa nakala za kwao. Hapo ndipo alipobuni kashe. Huku kwetu karatasi isiyo na kashe, yaani muhuri wa ofisi, haina nguvu hata ikisainiwa na malaika. Papa akasema hata kaseti itakuwa na yake. Akawa anashika mikrofoni na kupiga muhuri kwa mdomo: "Iyi kaseti inatoka kwa Papa Cikuru, Kadutu, pembeni ya soko. Kama uliipata fasi ingine, iko ya wizi!"

Kama angeisema mwanzoni, wezi wangeikata. Kwa hiyo aliisema katikati ya sebene, pale magita yanapoanza kukimbia na mtu ameshainua mikono. Pale hasa.

Nilikuwa na miaka kumi na sita kwenye harusi ya binamu yangu. Ukumbi mzima unacheza, sebene imekolea, mara Papa anaingia na kashe yake. Watu wote, pamoja na bwana harusi, wakamalizia kwa pamoja: "Iko ya wizi!" Wavulana wa shule yangu wakanigeukia wakicheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Leo najua walikuwa wanampenda. Siku ile nilijua tu kwamba nimeaibishwa.

Naandika hili kwa mara ya kwanza: kuanzia likizo ile nilimsaliti. Saa sita Papa alipokwenda kula, nilitoa kaseti ya asili alikoificha, ndani ya kopo la maziwa, na kunakili bila kashe. Niliziita "safi". Vijana wakaambizana. Papa akawa anashangaa kwa nini biashara inachangamka yeye akiwa mezani. "Bukavu hawana njaa saa sita?" alimwuliza Maman jioni, na mimi nikainamia sahani yangu.

Kisha zikaja CD, tukasema zitapita. Hazikupita, zikapitwa na flashi, na flashi nazo zikapata wadogo zao. Kijana wa kibanda cha mbele akawa anaingiza nyimbo mia tatu kwenye kadi ndogo kama ukucha. Papa aliomba aishike. Akaigeuza, akaipuliza, akairudisha. "Sasa mwimbo ikikwama, utaivuta na kalamu fasi gani?" Kijana alicheka kwa heshima. Mwaka huohuo Papa alifunga kibanda na kurudi nyumbani na gunia la kaseti ambazo hazikununuliwa. Zilikuwa na kashe zote. Zile safi zilikuwa zimekwisha zamani.

Na gunia lile nalo, aliyelimaliza ni mimi. Maman, Mungu amrehemu, alikuwa na shamba la mtama kule Mumosho, na ndege walikuwa wanavuna kabla yake. Watu walishagundua kwamba utepe wa kaseti ukifungwa kwenye vijiti unameremeta na kuvuma kwenye upepo, na ndege wanakimbia. Nikajitolea. Nilivunja kaseti moja baada ya nyingine, nikavuta utepe, nikauzungusha shamba zima. Maman alifurahi sana. Sauti ya Papa ililinda mtama misimu mitatu, kisha jua na mvua zikaimaliza.

Kwa hiyo mwaka huu, baada ya hospitali, nilipoanza kuitafuta sauti yake, nilikuwa natafuta kitu nilichokimaliza kwa mikono yangu kutoka pande zote mbili. Ndugu na majirani walipekua masanduku yao wakaniletea kaseti kumi na moja. Nilizisikiliza zote kwenye redio ya kuazima. Zote safi. Kwenye majina ya nyimbo, mwandiko wangu mzuri wa shule.

Nililia jikoni, maji ya bomba yakiwa wazi ili Papa asisikie. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amenijia na ndevu.

Wiki iliyopita niliandika kwenye kundi la WhatsApp la mamans wa parokia. Akajibu Maman Faida wa Kasha, ambaye simfahamu vizuri. Anayo moja. Papa anasema ndani yake. Nikampigia hapohapo, nikamwomba niifuate.

"Hapana, mama. Haitoke mu nyumba yangu."

Kumbe aliiagiza mwenyewe mwaka alioolewa, na kwa walioagiza Papa alikuwa anaongeza neno. Kwenye ile ya kwake alisema asimkopeshe mtu, ataipoteza. Maman Faida akatii. Hakumkopesha dada yake, hakumkopesha padri.

"Lakini miye si mutu, Maman. Miye mutoto wake."

"Mutoto pia iko mutu," akasema.

Kaseti haiji, basi Papa atakwenda. Lakini Papa hatoki nyumbani isipokuwa kwenda hospitali, kwa sababu watu wanamwangalia shingoni. Leo baada ya kula nilimwambia ukweli nusu: kuna maman kule Kasha ana redio ya kaseti iliyokufa na hakuna fundi anayeiweza. Aliangalia dirisha. Akavuta daftari. "Haizunguki au inatafuna?" Nikasema haizunguki. Alisimama akatafuta koti.

Tulikwenda kwa teksi, na tukamalizia kwa miguu, nikimshika mkono kwenye matope, au yeye akinishika mimi. Maman Faida alitupokea mlangoni. Hakuangalia kitambaa. Alimshika Papa mikono yote miwili. "Karibu, Papa Cikuru. Aksanti kwa kuja. Redio iko ku meza."

Papa aliifungua kama mtu anayemvua koti rafiki yake. Mkanda wa mpira ulikuwa umeyeyuka. Alikata mwingine kutoka kwenye kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ambacho alikuwa nacho kwenye kopo lake la vifaa muda wote huu, miaka yote hii, nani ajuaye kwa nini. Akasafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Nilimwangalia vidole. Havikuwa vya mgonjwa.

Maman Faida akaleta kaseti, imefungwa ndani ya kitambaa cha kanga ya harusi. Papa aliona maandishi yake mwenyewe ubavuni. Akaniangalia. Nikasema, "Weka tu, Papa."

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, ikabidi tuinamishe vichwa vyote vitatu kwenye spika. Wimbo ulianza ukiyumba, ukajinyoosha. Sebene ikaingia. Na juu yake, sauti ya kijana mwenye haraka na majivuno: "Iyi kaseti inatoka kwa Papa Cikuru, Kadutu, pembeni ya soko..."

Kichwa chake kilikuwa kimegusana na changu. Nilihisi taya lake likitembea. Alikuwa anasema pamoja nayo, neno kwa neno, bila sauti, mpaka "Maman Faida wa Kasha, usikopeshe mutu. Utaipoteza."

Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa anavuta pumzi kidogo kabla ya kutaja jina la mtu. Miezi yote hii nilikuwa nakumbuka sauti ambayo haina ile pumzi.

Maman Faida alijipangusa macho kwa kitenge. "Sasa Papa, munaniruhusu nikopeshe?" Papa akatikisa kichwa: hapana. Tulicheka wote, yeye kwa mabega.

Nilitoa simu. Nikamwambia, basi ngoja niirekodi kwenye hii, kaseti itabaki palepale. Papa alirudisha utepe kwa kalamu, taratibu, ingawa redio ilikuwa na kitufe cha kurudisha. Nilipotaka kubonyeza, akanishika kiganja. Akaandika: "Bila kashe?"

"Papa, ulijua?"

Akaandika tena, akaligeuza daftari ili nisome vizuri: "Saa sita."

Ningeweza kumwomba msamaha kwa maneno mengi, nilikuwa nimeyaandaa. Hakunipa nafasi. Alikuwa anacheka mpaka kile kitambaa cheupe kinaruka shingoni, na mimi nacheka na kulia kwa pamoja, na Maman Faida anauliza saa sita kuna nini. Kisha Papa akabonyeza redio, akanionyesha simu, na kuinua kidole kama alivyokuwa akikiinua kibandani akimaanisha kimya, tunarekodi.

Wimbo ukaenda. Sebene. Sauti yake ikapita, na ilipoisha tu, wakati magita yako juu kabisa, akanishushia kidole. Mimi.

"Iyi kaseti inatoka kwa Papa Cikuru, Kadutu," nikasema. "Mwenye kuikopi ni Nabintu, mutoto wake. Kama uliipata fasi ingine..."

Hapo sauti ikanikatika. Aliyemalizia ni Maman Faida, kwa nguvu zote za mtu wa kwaya: "Iko ya wizi!"

Sasa tuko nyumbani. Papa yuko sebuleni, ameomba ile redio ya kuazima na anaifungua, ingawa haina ubovu. Kabla ya chakula aliandika mistari sita, yote ya kunigombeza kwamba nilisema haraka mno na mbali na simu.

Nimeisikiliza mara nne. Mvua imo, Maman Faida yumo, na mimi nimeharibu sebene yote.

Sitaifuta.