Watu Arobaini na Mmoja

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Wanao na wajukuu hawajambo? Mimi figo zimekataa kazi, na daktari ameacha kunidanganya. Ndiyo maana naandika.

Jana walikuja watu wa halmashauri na keki. Wanataka kuweka jina langu kwenye bango la barabara kuu yetu: kilomita kumi na moja, miji mitatu, hakuna anayelipia kupita. "Mzee, mhandisi wetu, wewe ndiye uliyetuunganisha." Nilitapika wakiwa bado mlangoni. Si figo.

Hapo kwenu, mji wa kati, mchoro wa kwanza ulikuwa na daraja la waenda kwa miguu. Masharti yalitaka wavukaji mia mbili kwa siku, wahesabiwe shule zikiwa wazi. Mimi nilihesabu wakati wa likizo. Wakubwa walitaka kazi iishe upesi, nami nilitaka cheo. Nikapata arobaini na mmoja, nikasaini. Daraja likafutwa.

Mwaka uliofuata gari likamgonga mumeo akivuka kwenda kufundisha. Msibani nikasimama, nikasema shemeji alikuwa na haraka zake.

Najitia kinyaa.

Kaka yako

29 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Miaka ishirini na miwili nimewaambia wanangu, "Vukeni taratibu, msiwe kama baba yenu." Kwa mdomo wangu huu. Nawe ulikuwa unakuja Jumapili, unakula kwangu, unaomba uongezewe mchuzi.

Usinitumie machozi. Waambie halmashauri.

Dada yako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Nimewaambia. Ofisa wao akanipigapiga bega: "Mzee, hizo dawa ndizo zinazosema." Eti faili halibadilishwi kwa maneno ya mgonjwa.

Sasa hata kijiko nashikiwa.

Kaka yako

24 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Maumivu yanaendeleaje?

Shule zimefunguliwa. Jana mimi na wanangu tulikaa kando ya barabara na daftari, alfajiri hadi jioni. Wamevuka mia sita na kumi na wanne, wengi mbio, viatu mkononi. Mama mmoja mwenye ndoo akaniuliza kama nahesabu magari. Nikamwambia hayo yameshahesabiwa vya kutosha.

Fomu ni ile ile ya kazini kwako, nimeijaza. Imebaki nafasi ya saini ya mhandisi. Mwanangu mkubwa ndiye anayeileta. Barua yako ameisoma yote.

Usianze kumwomba radhi. Saini kwanza.

Dada yako