Sahihi ya Kalisti

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Grand Prairie, Texas
Jumatatu, tarehe 23 Machi 2026, saa nne na dakika tano asubuhi

Jina: Lydiah Chebet
Umri: Miaka 44
Kazi: Mbandikaji wa lebo, ghala la mashine za tiketi
Makazi: Haltom City
Yameandikwa kwa Kiswahili na Afisa Abigail Kariuki

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimekuja kwa hiari yangu. Mlalamishi, Bwana Kalisti, nimemleta mimi kwa gari langu, na sasa hivi amekaa pale nje kwenye benchi. Naomba tuandike haraka kabla sijabadilisha nia.

Ghala letu liko hapa hapa Grand Prairie. Tunafunga na kupakia mashine za kuuza tiketi za treni zinazopelekwa Ulaya. Huko sheria inataka mashine kama hizo ziweze kutumiwa hata na mtu asiyeona: achomeke hedifoni, mashine imsomee kila hatua mpaka tiketi itoke. Ikitimiza hayo ndipo inabandikwa alama ya herufi mbili, CE. Bila alama haiuzwi. Mimi ndiye huzibandika, lakini siruhusiwi kubandika hata stika moja kabla karatasi ya majaribio haijatiwa sahihi.

Anayetia sahihi ni Kalisti. Ni Mtanzania, haoni tangu utotoni, na kazi yake ni kujaribu hizo mashine kwa masikio na vidole. Tunakaa jengo moja, kwa hivyo mimi humbeba kwa gari langu kila siku kwenda na kurudi. Karatasi zake za nyumbani huzipiga picha mwenyewe kwa simu, simu ikamsomea. Lakini ghalani simu zinafungiwa kabatini, kwa hivyo za kazini nilikuwa namsomea mimi. Nikimaliza, naweka kadi yake ya plastiki juu ya mstari. Kadi ina tundu refu, naye anasaini ndani ya tundu. Yeye hakutaka msomaji mwingine. Alikuwa akisema, "Soma wewe, dada. Sauti yako naiamini kuliko ya simu."

Mnamo Jumatatu tarehe 9 Machi alijaribu toleo jipya. Mashine ilimsomea vituo, ikamsomea nauli, alipofika kwenye kulipa ikanyamaza jii. Alirudia mara sita. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Alivua hedifoni akasema, "Hii inanifikisha mlangoni halafu inanifungia. Sisaini."

Kesho yake, Jumanne tarehe 10, saa nane na dakika kumi mchana, Shem alikuja mezani kwangu. Shem ni msimamizi wetu wa shifti na mwenyekiti wa kikundi chetu cha maombi kanisani. Ndiye aliyenitafutia kazi hii nilipofika Texas sina mbele wala nyuma. Mashine sitini na nne zilikuwa zimekaa bila stika, na kontena lilitakiwa bandarini Houston siku ya Alhamisi. Akanipa karatasi mbili. Ya juu ilikuwa orodha ya mahudhurio ya mafunzo ya usalama. Ya chini ilikuwa ile ya majaribio, imeshajazwa "imepita" kila mahali. Akasema, "Dada Chebet, mpe asaini zote. Hiyo sauti wata-fix baadaye kwa mtandao. Usi-complicate mambo."

Afisa ameniuliza kama Shem aliniambia nimdanganye Kalisti. Hapana, neno hilo hakulitamka. Hebu andika hivyo hivyo, afisa, nisimsingizie mtu.

Nilimsomea Kalisti karatasi ya kwanza yote, akasaini. Nikaweka ya pili. Akauliza, "Na hii?" Nikasema, "Ni hiyo hiyo ya mahudhurio, nakala ya ofisi." Nikaiweka kadi kwenye mstari. Akasaini huku ananitania, "Leo unasoma mbio, nani anakukimbiza?"

Nilijua. Sikukosea kusoma, wala sikuchanganya karatasi. Nilijua ni ile aliyoikataa jana yake. Kufikia saa kumi na moja jioni nilikuwa nimebandika alama zote sitini na nne, zimenyooka vizuri. Naona haya kulisema hilo kuliko mengine yote.

Mnamo tarehe 17 mnunuzi aliomba nakala ya karatasi ya majaribio, ikatumwa kwa barua pepe, na Kalisti naye akaipata. Wakati wa chakula, nje ya ghala, simu yake ikamsomea jina lake mwenyewe chini ya neno "imepita". Alienda moja kwa moja kwa Jessica, mkuu wetu wa ubora. Jessica akailinganisha sahihi na zake za zamani, akaona ni ile ile. Kalisti akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo, eti amepitisha mashine mbovu kisha anaikana sahihi yake. Uamuzi ni Ijumaa hii. Akifukuzwa kwa uongo, nani atampa mashine ajaribu tena?

Yeye ana hakika Shem ameghushi. Ndiyo sababu alikuja hapa kushtaki tarehe 19. Na nani alimleta? Mimi. Njia nzima alikuwa akisema, "Aliyeniibia sahihi, mkono wake ukauke." Nami nimeshika usukani, nikaitikia, "Amina." Jamani! Niliitikia amina, kama tuko kwenye maombi.

Leo asubuhi garini ameniambia, "Wewe waambie tu ulichonisomea siku ile. Wakikusikia wewe, mambo yamekwisha." Nikawasha redio.

Basi nasema. Sahihi ni ya Kalisti. Haikughushiwa na Shem wala na mtu mwingine. Niliichukua mimi, kwa uongo wa mdomo wangu, na yeye hakujua anasaini nini. Afisa amenionya kwamba maneno haya yanaweza kutumiwa dhidi yangu, na kwamba naweza kunyamaza mpaka nipate wakili. Nimemwelewa. Nimenyamaza karibu wiki mbili, yatosha.

Nina ombi. Kalisti asomewe maelezo haya yote leo, na msomaji asiwe mimi. Msiiruke ile amina. Na mumtafutie gari la kumrudisha Haltom City, maana sidhani atapanda langu.

Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu, na sitaki kuondoa neno.

Sahihi: L. Chebet
Saa tano na dakika kumi asubuhi

Maandishi ya afisa: Saa tano na nusu nilimsomea Bw. Kalisti maelezo haya neno kwa neno. Shahidi alikuwa chumba cha pili; Bw. Kalisti hakumuulizia. Gari limeitwa. Nilimpa karatasi ya kuthibitisha kwamba amesomewa, nikamweleza kilichoandikwa na kukishika kidole chake kumwonyesha mstari. Aliniomba niondoe mkono wangu. Akaipiga picha kwa simu, simu ikamsomea mara mbili, ndipo akaweka kadi yake mwenyewe na kusaini.

A. Kariuki