Nzige Katika Macho ya Deo

Kamembe, Jumapili, mchana

Maman wangu,

Jambo sana. Nakusalimu kwa jina la Bwana, ingawa siku hizi jina hilo nalitaja polepole. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya mizizi aliyokupa shangazi ilikusaidia? Na paa la jikoni, kuna mtu aliyekuja kuliziba kabla ya mvua? Sisi huku tuko wazima wa mwili, mimi, Papa Riziki, na mwanetu Riziki ambaye sasa amenipita urefu. Papa Riziki bado anabeba mizigo mpakani siku ambazo mpaka uko wazi. Mimi bado niko na sambaza zangu sokoni, vile visamaki vya ziwani. Wanawake wa kisiwa cha Nkombo wananiletea asubuhi, nazianika, nauza kidogo kidogo.

Barua hii nampa Maman Sifa, yule anayepeleka vitenge huko kwenu, kwa sababu habari yenyewe si ya kupokea kwenye simu ya jirani watu wakisikiliza. Umeuliza mara nyingi mbona mdogo wangu Deo hakusalimu. Maman, Deo haoni tena. Macho yote mawili. Nakuandikia jinsi ilivyokuwa tangu mwanzo, ili mtu asije akakuletea kwa maneno mengine. Mwalimu Kitoga atakusomea. Mwambie asome polepole, na asiruke kitu kwa kukuhurumia.

Unajua Deo alitufuata hapa vita ilipoingia Bukavu. Hakubeba kitu isipokuwa kisanduku chake cha kutengenezea simu na sindano zake za ugonjwa wa sukari. Alipata kona mbele ya duka la Mzee Ramadhani, fundi wa kushona, Mwislamu mwenye roho nzuri, na watu wa Kamembe wakamzoea. Mikono yake ilikuwa mepesi, unaijua. Simu iliyoanguka majini aliirudisha ikiita.

Kiangazi kilichopita, siku moja tukiwa tunakula, akaanza kupunga mkono mbele ya uso wake, akaniita mimi dada yake kama kawaida.

«Yaya, iko vintu vyeusi vinaruka hapa.»

«Ni nzi,» nikamwambia.

«Nzi gani ya ndani ya macho?»

Tukacheka. Lakini wiki ile ile Mzee Ramadhani akanifuata sokoni, akasema Deo anatafuta skurubu mezani kwa vidole kama mtu aliye gizani. Nikampeleka kwa muganga wa kituo cha afya. Mama yule alimwangalia macho kwa taa ndogo, akanivuta pembeni. Akasema ni sukari, imeharibu mishipa nyuma ya jicho, damu imeanza kuvuja. Asiache sindano hata siku moja, na aende upesi kwa daktari wa macho, kuna mwanga wanaoutumia kuziba mahali panapovuja. Tukakubaliana tutaenda mara tu nitakapouza zile sambaza zilizokuwa zimeanikwa.

Sasa lazima nikueleze habari ya Giheke.

Kule Giheke, katikati ya mashamba ya kahawa, kulikuwa na nyumba isiyomalizika, na ndani yake walikusanyika watu wetu waliokimbia. Kiongozi wao aliitwa Mtumishi Gedeon. Alikuwa fundi seremala. Mke wake na watoto wake walikufa wote katika vita, na yeye hakuwahi kuhadithia walikufaje. Mimi ndiye niliyempeleka Deo kule, Maman, kwa sababu waliimba nyimbo zetu kwa Kiswahili chetu, na siku ya kwanza nililia mpaka kitambaa kikalowa.

Mtumishi alisoma kitabu cha Ufunuo, hicho tu. Alisoma habari ya farasi mwekundu, akauliza, «Nani hapa hakumuona?» Kila mtu aliinua mkono. Alisoma farasi wa kijivujivu, yule anayefuatwa na kuzimu, na mwanamke mmoja akasimama akataja majina ya watoto wake. Sitakudanganya, nilifarijika. Tulikuwa tumezoea kuambiwa kwamba tuliyoyapata ni bahati mbaya, ni siasa, ni mambo ya wakubwa. Pale tukaambiwa kwamba yamo ndani ya Biblia, sura fulani, mstari fulani, na kwamba Mungu alituona kabla hatujazaliwa.

Jumapili moja Deo akasimama. Hakuwa na kawaida ya kusema mbele ya watu.

«Mimi niko naona,» akasema. «Kila siku. Kwanza kama moshi. Halafu ndani ya moshi, vintu vidogo vyeusi, vingi. Vinaruka.»

Mtumishi akamkaribia. «Rudia, ndugu yangu. Uliona nini?»

«Moshi. Na vile vintu. Kama nzige.»

Hakuwa amesoma sura ya tisa, nakuapia. Mtumishi akaifungua, akasoma habari ya shimo lililofunguliwa, moshi ukapanda kama wa tanuru, na nzige wakatoka ndani ya moshi. Watu wakapiga magoti kwenye kokoto. Mwanamke mmoja mzee akaja akamshika Deo miguu. Nilimtazama ndugu yangu usoni. Tangu avuke mto wa mpakani kuja huku sikuwa nimemuona hivyo. Alikuwa kama bwana arusi.

Njiani kurudi nikamwambia, «Deo, ni sukari. Muganga alisema mbele yako.»

«Muganga aliona damu. Damu njo nini, Yaya? Mungu anashindwa kutumia damu?»

«Mungu hakutumi upofuke macho.»

«Paulo alikufaka macho njiani.»

«Akapona!»

Siku iliyofuata alikwenda kazini kama kawaida, lakini watu walianza kumfuata pale dukani. Walimletea maziwa, walimwomba aangalie upande wa Bukavu awaambie anaona nini. Siku ya kwenda kwa daktari wa macho ikafika, akakataa. Nikampigia kelele, Papa Riziki akampigia kelele. Baadaye nikakuta sindano zake hazijaguswa. Akachukua godoro lake, akahamia Giheke.

Haikuchukua muda, pazia likashuka kwenye jicho la kushoto. Aliwaambia kwamba jua limekuwa jeusi kama gunia la manyoya. Hilo pia limo ndani ya Ufunuo, na hilo pia waliliimba.

Nikaamua kumfuata Mtumishi mwenyewe. Nilimkuta anapiga randa mbao za benchi. Alinipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia yale aliyotufundisha baba yetu, marehemu Papa, kanisani kwetu: kwamba kabla ya kuuliza mnyama wa Ufunuo ni nani, uliza barua iliandikiwa nani. Kwamba Yohana alikuwa amefungwa kisiwani, mbali na watu wake, akawaandikia makanisa saba yaliyokuwa yanateswa na mfalme aliyetaka kuabudiwa. Picha zile walizielewa wao, na maana yake kubwa ni moja, kwamba Mwanakondoo aliyechinjwa ndiye mwenye kiti, si mfalme. Hakuwaandikia ili sisi tuhesabu nzige machoni mwa mgonjwa.

Mtumishi akapuliza vumbi la mbao.

«Baba yako alikuwa mwalimu mzuri,» akasema. «Lakini alihubiria batu balikuwa na nyumba. Hawa bangu batoto yao balikufa mbele yao. Unataka niwaambie nini, Maman Riziki? Kwamba ile kitabu ni ya batu ya zamani? Kwamba batoto balikufa bure?»

Nikasema tu, «Basi mwambie achome sindano. Hilo tu.»

«Nilimwambia,» akasema. «Mara mingi. Nilimwambia hata Timoteo, Paulo alimupa dawa ya tumbo. Ni yeye anakataa. Nenda umuulize.»

Deo alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa juani. Alikuwa amekonda mpaka mashavu yameingia ndani. Karibu yake kulikuwa na ndoo, maana alikuwa anakunywa maji bila kushiba. Nikamuuliza kwa nini anakataa hata kile anachokubali Mtumishi.

Akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie, «Yaya, nikichoma sindano, vile vintu vinapunguka. Nilijaribu. Vikaanza kuisha. Vikiisha, mimi ni nani hapa? Ni kimbizi ya kutengeneza simu ya batu, na macho hata haionake skurubu. Hapa bananiitaka kwa jina. Unaniacha, Yaya?»

Kwa hiyo alijua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilidhani napigana na mahubiri, kumbe mahubiri yalikuwa yamekwisha kuniachia njia, na ndugu yangu mwenyewe ndiye aliyeifunga. Nilimshika mkono kumvuta. Akajishika kwenye mti wa kahawa, na akina mama wakaja wakatutenganisha kwa upole, wakaniambia nisimguse mtu wa Mungu. Nikashuka Kamembe peke yangu.

Baadaye watu wa Giheke wakatuita. Alikuwa ameanguka wakati wa maombi, pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyooza. Papa Riziki alimbeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata gari la mtu wa kahawa. Hospitali walihangaika naye sana, na waliyarudisha maisha yake, nawashukuru. Lakini daktari wa macho alipomwangalia, alitikisa kichwa. Kilichochanika nyuma ya macho hakishoneki tena. Alinieleza kwa utaratibu, kwa Kiswahili kisafi, na Deo alikuwa pale anasikia.

Tulipomrudisha nyumbani, watu wa Giheke walikuja kumuona. Walijaa chumbani kwetu, wengine wakasimama mlangoni. Mtumishi akapiga magoti karibu na godoro. Yule mwanamke mzee, aliyemshika miguu, akamuuliza Deo, «Baba, unaona nini sasa?»

Nilikuwa naomba moyoni aseme uongo wowote. Deo akageuza uso huku na huku, kama anatafuta dirisha.

«Sioni kintu,» akasema.

«Giza kama lile la pigo la tano la Ufunuo?» mwingine akauliza.

«Hapana. Sioni tu.»

Mtumishi akalia, Maman. Sijui alikuwa analilia nini. Alimbusu Deo kwenye paji la uso akatoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hawakurudi. Nasikia Mtumishi ameteremka upande wa Bugarama kutafuta kazi ya useremala. Nilipopita Giheke mara ya mwisho, ndani ya ile nyumba wenye mashamba walikuwa wanaanika kahawa.

Deo yuko hapa nami. Anachoma sindano sasa, Riziki anamsaidia, hakatai tena. Hakatai kitu chochote. Ukimwambia kula, anakula. Ukimwambia hama juani, anahama. Mzee Ramadhani alimletea redio, lakini ukiizima hasemi kwamba umeizima.

Wiki hii aliniomba jambo, na nilifurahi kwa kuwa aliomba. Alitaka nimsomee mwisho wa Ufunuo, ule mji mpya. Nikaleta Biblia ya Papa. Nikasoma pale Mungu anapofuta machozi, na kifo hakipo tena. Akanizuia.

«Ile ya wale makanisa saba,» akasema. «Papa alisemaka ni batu ya kweli?»

«Watu wa kweli kabisa.»

«Baliteswa, Yohana akabaandikia.»

«Ndiyo.»

«Halafu bakapona? Mateso ikaisha?»

Nilitafuta katika mafundisho ya Papa, nikatafuta hata katika yale ya Mtumishi. «Wengi walikufa, Deo,» nikasema. «Wakiwa bado wanangoja.»

Akatikisa kichwa kidogo, akageukia ukuta. Hakuniambia niendelee, wala mimi sikuendelea.

Naomba usije, Maman. Najua ukisikia barua hii utataka kufunga kitambaa na kushika njia. Njia si nzuri, mguu wako hauwezi, na ukifika utamkuta ameketi tu. Wala usiwaruhusu watu wa kanisa kusema kwamba alikuwa nabii, au kwamba alipagawa. Sema mtoto wako anaumwa macho.

Na nikuombe lingine, usikasirike. Ukinijibu, usinitumie mstari wa Biblia. Bado naenda kanisani, bado nasimama pamoja na wengine, lakini mstari sasa ukinifikia nauona unatafuta mtu wa kumwangukia. Niandikie habari zako tu. Niambie kama mihogo imetoka vizuri, nani amezaa, nani amejenga. Nitamsomea Deo hayo.

Msalimie Mwalimu Kitoga ambaye sauti yake imebeba maneno haya mazito, na anisamehe. Msalimie shangazi wa dawa, kaka mkubwa na mke wake, na yule jirani anayetupokelea simu. Lile kaburi la Papa, kama kuna mtu wa kulilimia majani, na alilimie.

Nakushika mikono yote miwili, Maman.

Mimi binti yako wa kwanza,
Wabiwa

Deo yuko karibu yangu ninapoandika. Nimemuuliza kama ana neno la kukuambia. Amesema hapana.