Tela Lililopandiwa Maharage

Maguu,
Mbinga.
14 Julai 1996

Mpendwa mdogo wangu Raimundi,

Tumsifu Yesu Kristo. Na marahaba, maana najua umeniamkia moyoni hata kama barua yako ilisahau. Hujambo huko Tanga? Kile kifua je, joto la pwani limekituliza? Sisi wazima. Mama miguu inamsumbua, lakini mdomo haujambo kabisa.

Barua yako ya Kwaresima tuliipata. Nisamehe kuchelewa kujibu. Unasema wezi wamezidi, bora tela lako liuzwe kwa yule bwana wa Songea kabla halijaibwa. Ndugu yangu, ngoja kwanza. Siku hizi wanunuzi binafsi wanapanda hadi huku na mizani zao, na asiyeweza kufikisha kahawa mjini anakubali bei yoyote anayotajiwa mlangoni. Tela lile ndilo linalotupa ubavu wa kukataa. Likienda, tumekwisha.

Ni kweli wezi walilijaribu. Waling'oa bawaba za mlango wa tela, kufuli la shemeji yako Urbani likabaki linaning'inia tu, kubwa na halina kazi. Urbani akaenda kuchomelea bawaba mpya. Nikamuuliza, mlango umepona, je wakilivuta zima zima?

Basi nikafanya ninachokijua. Kwetu wanaume hulaza nyasi shambani, sisi wanawake ndio tunaochimba ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mlimani. Nikachimba mashimo mawili nyuma ya nyumba, tukalisukumia humo, magurudumu yakazama mpaka kwenye ekseli. Urbani alicheka hadi akakaa chini. Mama naye, asivyoweza kuona udongo uliofukuliwa ukikaa bure, akapanda maharage pande zote.

Siku ya Pasaka, tukiwa misani, likaja gari. Mama alikuwa peke yake. Wakamwambia wametumwa na wewe, umeshaliuza. Na kwa barua ile, Raimundi, aliwaamini. Walivuta mpaka kamba ikakatika. Mama akatoka na fimbo yake: "Kama mwanangu ameuza, ameuza. Lakini maharage ni yangu. Mtalichukua nikishavuna."

Hawajarudi hadi leo. Kamba yao ninaanikia nguo.

Siku ile tuliporudi kutoka misani tulimkuta mama analia. Nikadhani analilia maharage yaliyokanyagwa, nikamtania. Kumbe alikuwa anasema, "Ndicho kitu chake pekee kilichobaki hapa. Akishakiuza atarudi kufuata nini?" Iliniuma sana, mdogo wangu.

Maharage tumevuna mwezi uliopita. Nikapika pombe ya komoni, majirani wote wenye kahawa yao wakaja, wakaliinua tela kwa mabega huku wakiimba. Juzi limeshuka Mbinga mjini limejaa, na tuliuza kwa kuchagua mnunuzi. Likirudi linaingia shimoni. Mambo yanaelekea vizuri, kweli nakuambia.

Yule bwana wa Songea mwambie halipo sokoni. Kufuli lina funguo mbili. Mmoja ninao mimi. Wa pili nimeushonea kwenye kitambaa humu ndani ya bahasha, mama ndiye aliyeniagiza. Amesema mtu hatembei na ufunguo wa kwao miaka yote bila kuja kufungua.

Wasalimie mkeo Gaudiosa na watoto. Urbani anakusalimu, shangazi Walburga pia, na mpwa wako Valence anauliza kama bahari ni kubwa kuliko Nyasa. Mungu akulinde barabarani na akulete.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,
Kunigunda