Vidonge vya Mirongo

Shikamoo, Baba. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Tangu tukuzike, hapa Igoma tunatazamana kwa jicho la pembeni. Baba Mdogo ameshikilia kwamba dada yako ndiye aliyekumaliza. Eti mlikorofishana kuhusu shamba, kisha Shangazi akaja na supu ya sato, na wiki ileile kichwa kikaanza kukuuma. Supu hiyo nami niliinywa, Baba, mbona mimi ni mzima? Hata hivyo nilianza kumchunguza Shangazi mikono, nikakataa uji wake.

Daktari aliyekutibu mwishoni alisema fangasi wameingia kwenye utando wa ubongo. Nikamshuku na yeye. Fangasi si ndio wale wa miguuni? Akasema ni ugonjwa wa nadra, humpata mtu ambaye kinga yake imelala, na zile dawa zako za maumivu ya viungo ukizimeza muda mrefu huilaza. Akauliza nani alikuwa anakuletea. Nikasema sijui.

Daktari wa Sengerema, aliyekuandikia dawa hizo mwanzo, alitaka urudi kila mwezi, akupime na kupunguza dozi. Kivuko kikatuchosha, nawe ulikuwa umeanza tena kusukuma randa huku unapiga mluzi. Likafunguliwa duka la dawa Mirongo, maana siku hizi kila mtu anafungua. Nikawa napeleka karatasi tupu ya vidonge, muuzaji anaitazama, ananipa vingine bila swali. Uso wako ukajaa. Majirani wakasema, "Fundi, soko huria limekukubali!" Ukacheka, nami nikajisifu. Kumbe ni dawa. Ulipoanza kuniita kwa jina la mama yako, bado nilikupa kidonge cha asubuhi. Nisamehe.

Muuzaji nimemfuata, akadai hajawahi kuniona. Simwamini. Ila mimi nami nilimjibu daktari vilevile.

Jumapili ukoo unakaa. Kule kwake Sengerema vijana wameshaanza kumwita Shangazi mchawi, na unajua mama mzee akishaitwa hivyo huwa anafanywa nini. Ninaogopa, Baba. Lakini nitasimama niseme vidonge nilivinunua mimi, na daktari nilimdanganya mimi.

Pumzika, Baba yangu. Nakuahidi dada yako atarudi kwake Sengerema na kubaki hai, hata kama ukoo hautaniita tena mwanao.