Sabuni Iliyotaga Mayai

Shoga, uko wapi? Nimeaibika leo hadi nimejifungia chooni kukuandikia.

Si unajua wiki mbili nzima nimemwandama jirani kwamba anayamwagia maji ya sabuni maua yangu ya kwenye uzio? Majani yametoboka kama chujio. Nikasema ni yeye tu, nani mwingine!

Leo nikamwita bibi shamba aje athibitishe. Na jirani nikamwita, ashuhudie mwenyewe! Mimi huyo, mikono kiunoni.

Bibi shamba kageuza jani moja tu. Chini yake mayai yamejipanga kama shanga, na mbawakawa mwekundu anatafuna bila wasiwasi. "Mdudu huyu si wa huku," akasema. "Ameingia na mche wa kigeni. Nani aliuleta?"

Mikono ikanishuka kiunoni.

Mimi! Mimi niliyeuficha ndani ya soksi nikirudi safari!

Jirani kaniangalia taratibu: "Kumbe sabuni yangu inataga mayai?"

INATAGA MAYAI! Bibi shamba kacheka mpaka kakaa chini. Hata mimi nikacheka, ningefanyaje?

Halafu bibi shamba akauliza kama kuna mtu niliyemgawia mche. Kwa aibu nikasema hakuna.

Shoga, kile chungu cha maua nilichokupa… hebu geuza jani.